Kifuko Chekundu cha Izumo

Dada yangu Mwanabaraka ni mtu wa wasiwasi tangu Pemba, na London imemzidishia. Ni mjane, anapika katika shule moja huko Lewisham, na mwanawe ni mmoja tu, Siham, ambaye alishapita thelathini bila kuolewa. Hilo ndilo lililomnyima dada usingizi.

Mwaka 2004 kampuni ya Siham ilimpeleka Japani kikazi. Akapiga simu kusema ametembelea Izumo, hekalu la kale la Kishinto ambako watu huenda kuombea ndoa na bahati njema. Akasimulia kamba ya majani ya mpunga iliyoning'inizwa mbele, nene kuliko mtu, na jinsi watu wanavyoinama mara mbili kisha wakapiga makofi manne.

"Na wewe ulipiga?" dada akauliza, roho juu.

"Mum, relax. Nilisimama pembeni, nikasoma Fatiha yangu."

Dada hakuamini. Kila siku alinipigia simu nyumbani kwangu Queensbury: mtoto kaingia shirki! Halafu, sauti ikishuka: "Lakini hebu nambie, Hayat, wale wakiomba hupata kweli?" Nikacheka, nikakemewa.

Siham aliporudi, alipanda juu kulala. Dada akafungua sanduku lake ili afue nguo, akakuta kifuko chekundu cha hariri, kimetariziwa maandishi ya dhahabu, mdomo umefungwa. Nilikuwepo; rangi ilimtoka. Kwetu hirizi usiyoijua hufunguliwa, ikasomewa, ikatiwa kwenye maji ya chumvi ili nguvu zake zivunjike.

"Muulize mwenyewe kwanza!" nikamwambia.

Wapi! Alikichana kwa wembe, mdomo ukisoma Ayatul Kursi. Ndani mlikuwa na kibao chembamba tu. Akakitumbukiza kwenye bakuli la maji ya chumvi.

Siham akashuka. "Mama! Kile hakifunguliwi, baraka yake inatoka!"

"Bora itoke! Nani kakufunga nacho?"

"Si changu. Nimekununulia wewe kule Izumo." Akakaa kwenye ngazi, machozi yakamtoka. "Wamenipa kazi Japani, nahamia kabla ya Ramadhani. Kila nikifikiri utafuturu peke yako, moyo unaniuma. Nikasema labda na wewe utapata mwenzio."

Dada alikitoa kile kibao majini, akakipangusa kwa kanga yake taratibu, pande zote mbili, akakirudisha kifukoni.

"Hayat," akasema bila kunitazama, "nipe sindano na uzi."