Nyongeza ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alinisema kwa miaka minane bila kunisemesha hata siku moja. Kwetu Samia hilo la kutosemeshana si uadui, ni adabu. Mkaza mwana hakai chumba kimoja na baba mkwe wake, hampi kitu mkononi, hamtazami usoni. Akiwa na neno lake, linapitia kwa mama mkwe. Lakini yule mzee aliigeuza adabu kuwa fimbo. Alikaa sebuleni akapaza sauti kana kwamba anaongea na ukuta, akijua kabisa kwamba mimi niko jikoni na masikio yangu ni mazima.

"Huyu mama watoto ni mkono wa birika," alimwambia mkewe. "Hata chumvi anapima!"

Chanzo kilikuwa omena, wale dagaa wa ziwani. Mimi huchukua omena Sio Port na kuiuza sokoni Funyula kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili. Wenzangu hujaza mpaka kunakuwa na mlima juu ya mkebe, kisha humtupia mteja konzi nyingine ya nyongeza. Mimi nilipitisha kijiti nikasawazisha. Mume wangu ni dereva wa lori, hukwama kwenye foleni ya Malaba siku tatu, siku nne, na boma lile lilikuwa likila kwa kijiti changu. Siku moja mke wa rafiki ya mzee alinunua kwangu, akaenda kutangaza kwamba nimemnyima mlima. Tangu hapo sikuwa na jina lingine pale nyumbani.

Mimi si mtu mpole. Nilimchukia, na ninapoandika haya bado namchukia kidogo, hata baada ya yaliyompata.

Mzee huyo alikuwa na bunduki. Ujana wake aliajiriwa kufukuza wanyama mashambani, na alipostaafu alibaki na bunduki yake mwenyewe ya kuwindia, pamoja na kibali kilichokunjwa mpaka kikakatika vipande vinne. Viboko hutoka ziwani karibu na mdomo wa Mto Sio, wakamaliza shamba la mahindi la mtu kwa usiku mmoja. Kukicha majirani walikuwa wakimtafuta mzee. Heshima aliyobaki nayo duniani ilikuwa hiyo tu. Risasi za kununua hakuzipata tena, kwa hiyo alizijaza mwenyewe nyumbani. Alichukua ganda lililokwisha kupigwa, akatia kitakoni fataki mpya ya kuwasha baruti, akamimina baruti, kisha akakandamiza risasi mdomoni. Baruti ilivuka mpaka kutoka Uganda ndani ya chupa ya soda, bila maandishi yoyote.

Halafu mikono yake ikaanza kutetemeka. Mama mkwe naye ana mtoto wa jicho. Katika boma zima ikabaki mikono ya mtu mmoja inayoweza kupima kitu kidogo bila kumwaga, na mtu huyo ni mimi. Nilicheka peke yangu siku nilipoletewa habari hiyo.

Tulifanya kazi namna hii: yeye sebuleni, mimi stoo nyuma ya pazia, mama mkwe akienda na kurudi na sinia. Kipimo kilikuwa ganda kuukuu lililokatwa, likafungwa waya kuwa mpini. Siku ya kwanza mzee aliniagizia hivi:

"Mwambie asawazishe vizuri. Baruti ikizidi, ile nguvu inakosa pa kutokea. Bunduki inapasukia macho ya mwenyewe."

Nikasawazisha kwa ukingo wa kadi kuukuu ya simu. Mwaka mzima sikuzidisha hata chembe. Na nitasema ukweli, niliipenda kazi ile. Kwa mara ya kwanza ubahili wangu ulikuwa na maana kwa mtu aliyenitukania ubahili huo.

Maganda yalikuwa yakirudi kwangu baada ya kupigwa, ili niyajaze tena, kwa hiyo mimi ndiye niliyeyaona kwa karibu. Mwanzoni yalirudi mazima. Ilipofunguliwa chupa nyingine ya baruti, yakaanza kurudi na ufa mwembamba mdomoni, fataki zimelala bapa kama zimekanyagwa. Mara moja nilimsikia mzee uani akiigonga bolti ya bunduki, kile chuma kinachofungia ganda ndani, kwa kipande cha kuni ndipo ikafunguka. Sikuhitaji mwalimu. Baruti hii ilikuwa kali kuliko ile ya kwanza, na kipimo kilekile sasa kilikuwa kimezidi.

Nikamwambia mama mkwe kipunguzwe. Akapeleka maneno. Sebuleni kikaangushwa kicheko.

"Anataka kupunguza! Unasikia? Hata baruti yangu anaionea choyo!"

Wiki hiyohiyo alimpiga kiboko, na kiboko akarudi majini polepole kama mtu aliyeitwa chai. Vijana walioshuhudia wakasema mzee siku hizi anawarushia viboko bisi. Nadhani mkono ulitetemeka tu. Lakini mzee alirudi nyumbani akiwa amevimba kwa hasira, na nyuma ya pazia alikuwa na mtu wa kumlaumu.

"Ni huyo!" sauti ikaja. "Ananipimia kama anauza omena. Mwambie leo aweke mlima. Aweke nyongeza kama watu wengine."

Mama mkwe akaingia stoo na sinia yake. "Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, Mama."

"Basi fanya vile anataka, kelele iishe."

Ganda lenye ufa lilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kuimwaga baruti yote sakafuni. Ningeweza kulivuta pazia, nikasimama mbele yake nikamwonyesha ule ufa kwa kidole. Ningekuwa nimevunja mwiko, watu wangenisema wiki mbili, kisha wangepata mwingine wa kumsema. Haya sikuyafikiria leo, niliyafikiria palepale stoo. Nikachota. Kadi sikuipitisha. Nikauacha mlima ukae juu ya kipimo, mzuri kabisa, wa kumpendeza mteja, na nikaona raha. Nilijaza maganda matatu namna hiyo, na la tatu nililitia konzi ya vidole viwili juu yake.

Asubuhi iliyofuata aliijaribu bunduki nyuma ya nyumba, akilenga kisiki cha mkaratusi. Mimi nilikuwa nasugua sufuria. Mlio haukuwa wa bunduki niliouzoea. Ulikuwa mfupi, kama mlango wa chuma uliobamizwa. Nilipofika alikuwa ameketi chini, bolti imetoka nyuma, jicho la kulia halipo, na mkono wa kulia umebaki na vidole viwili. Mama mkwe alikuwa akipapasa hewani akimwita. Nikanyoosha mikono nimwinue.

"Mwambie asinishike," mzee akamwambia mkewe, damu ikimwingia mdomoni.

Nikasimama hatua tatu kutoka kwake, pale adabu inapotaka nisimame, mpaka mwendesha bodaboda aliyekuwa akipita barabarani akaja kumbeba. Ulikuwa muda mrefu. Sikulia.

Hospitalini polisi walikuja kuandika maelezo. Mama mkwe aliniambia mzee alivyowajibu: "Nilipima mwenyewe. Hakuna mtu anagusa vitu vyangu." Walichukua bunduki, wakachukua na chupa. Pengine aliona aibu watu kujua kwamba mke wa mwanawe ndiye aliyekuwa akimjazia risasi. Pengine alinikinga. Sijui ni lipi, na hilo la pili ndilo linalonitesa.

Aliporudi nyumbani, lile jina la mkono wa birika halikusikika tena. Alasiri moja mama mkwe alikuwa kanisani, nikamwekea mzee chakula kwenye stuli kando ya mlango, nikageuka niende zangu.

"Mama watoto."

Miaka minane, na hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia mimi mwenyewe.

"Yale maganda yalikuwa na ufa. Ulijua itapasuka?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu, na lile jicho moja lilikuwa likinitafuta uso. Jibu lilikuwa neno moja. Nikainamisha kichwa, nikageuza uso pembeni kama mkaza mwana aliyelelewa vizuri, nikaenda zangu jikoni. Alinisubiri. Kijiko hakikugusa sahani kwa muda mrefu.

Mzee bado yuko hai, na hajaniuliza tena. Mama mkwe huwasimulia wanawake wa kanisani habari zangu, nami nikiwepo. Huwaambia kwamba wake wa siku hizi wamepotea, lakini mkaza mwana wake yeye ana heshima, tangu aolewe hajawahi kumjibu mzee hata neno moja.