Kamba wa Mtani Wangu

Mtani wangu amefariki, na tumemzika hapa Tabora, mbali na Uzaramoni kwao. Kaburini tulikuwa mjane wake, wanawe wawili, mafundi wenzake wa karakana ya reli, shehe wa mtaa wa Cheyo, majirani zake Wanyamwezi, mdogo wangu wa mwisho na mimi. Majirani walimtania marehemu kama desturi inavyotaka. "Mzaramo mvivu huyu, hata shimo lake tumchimbie sisi!" Mjane mwenyewe alitabasamu.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba niliacha shule darasa la sita, wazazi wetu walipofariki, nikabaki na wadogo zangu watatu. Habari za kamba sijawahi kuwasimulia. Mtani wangu alifuga kamba wa baharini sebuleni kwake, ndani ya sanduku la vioo aliloliunga mwenyewe, lenye mawe ya matumbawe na pampu ndogo ya kupuliza hewa. Hawakuwa kamba wa kula. Walikuwa wawili, wekundu, wenye mstari mweupe mgongoni na sharubu ndefu. Huko baharini samaki akija akatulia, kamba hawa humpanda na kumsafisha hadi ndani ya mdomo, wala haliwi. Maji ya bahari mtani aliyafuata mwenyewe kila alipopata likizo, madumu mawili kwa treni. Yakipungua kwa joto alijazia maji ya mvua matupu, kwa kuwa maji hukauka lakini chumvi hubaki.

Asubuhi moja nilimwona kamba mmoja kalala mchangani, mweupe, hana uhai. Nikampa mtani pole. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mtani, huyo kavua kanzu tu. Mwenyewe yuko nyuma ya jiwe, anaona haya." Kumbe kamba akikua hujivua gamba zima zima.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa hatembei. Homa ya utotoni ilimlemaza miguu, nami nilimbeba mgongoni hadi akanizidi uzito. Tukaambiwa kuwa Dar es Salaam hospitalini wangeweza kumfunga vyuma akatembea. Nikimpeleka mimi, kazi ingepotea na wale wengine wangelala njaa. Nilipaswa kumwendea mtani wangu faraghani, nimwombe. Badala yake nilingoja siku ya safari yake, nikamkuta barazani kwake mbele ya watu, nikayakalia madumu yake. "Mzaramo, safari hii hubebi maji. Babu zangu walibeba pembe mpaka kwenu Pwani. Leo zamu yako, umbebe Mnyamwezi."

Baraza zima likaangua kicheko. Mtani hamnyimi mtani mbele za watu. Alitupa jicho mara moja kwenye dirisha la sebule, kisha akauliza, "Mzigo wenyewe unakula sana?"

"Unakula."

"Basi ufungieni viazi."

Alikaa naye huko likizo nzima. Kamba aliniachia mimi. Nilijazia maji ya mvua kama alivyoniagiza, lakini yale ya baharini yalikwisha chakaa, yakaanza kunuka. Nilipoona mwili mweupe mchangani nilijiambia kavua kanzu. Nikaangalia nyuma ya jiwe. Hapakuwa na kitu. Wa pili naye akafuata.

Siku waliyorudi, mdogo wangu alishuka behewani kwa miguu yake, vyuma vikilia. Mtani aliingia sebuleni, akaliinamia sanduku. "Mtani, umewala hata bila ndimu." Watu wakacheka, nami nikacheka, kwa sababu mtani haombwi radhi wala hashukuriwi.

Ilikuwa miaka ya ujamaa, tukifundishwa mikutanoni kwamba binadamu wote ni ndugu. Nililiamini neno hilo na bado naliamini. Lakini wengi wetu tulijifunza kuchukua cha mwenzetu hadharani, mahali ambapo hawezi kukataa, kisha tukakiita udugu. Anayetoa huku anacheka, naye ametoa, na kilichomtoka kina uzito uleule. Ndugu huombwa, akaachiwa nafasi ya kukataa.

Baadaye nilipata kazi iliyonipeleka Dar es Salaam mara kwa mara. Nilirudi na vitenge, na sabuni, na nazi za majirani. Sanduku la vioo lilikuwa bado sebuleni kwake, tupu, naye alilipangusa vumbi kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Maji ya bahari hayauzwi, mtu huchota tu. Sikumletea hata dumu moja.