Meza ya Redio Iliyoliliwa Kama Maiti

Mtoto wangu alikuwa jikoni anakunywa uji, watu wakaingia boma wakilia kwamba amekufa.

Wazazi, someni hii mpaka mwisho. Shule niliachia darasa la saba, lakini hili hakuna darasa linafundisha.

Ilikuwa 1994, kwetu Rangwe, Ujaluoni. Nicanor, mtoto wangu wa pekee, alipata leseni ya kuongea na watu wa ng'ambo kwa redio yake mwenyewe. Mashine aliachiwa na padri mmoja mzungu, nzito kama ndume. Ujumbe anautuma kwa kugonga kidude, ti-ti-taa. Meza yetu ya chai ilitetemeka kama bibi harusi, na huko ng'ambo hawakuelewa kitu.

"Mama, nataka meza ya mbao ngumu. Hata ng'ombe akiegemea isisonge."

Mimi roho mkononi. Waya ya redio iko juu ya mti, na radi za huku mnazijua. Lakini kijana wa ndevu utamchapa?

Akakata kijiti, urefu wa meza anayotaka. "Pelekea Javan."

Javan ni fundi, lakini kazi yake ni majeneza. Na kwetu mtu akifa, anapimwa kwa kijiti, kijiti kinaenda kwa fundi. Mimi huyo, nikakatiza sokoni na kijiti kirefu, uso umekunjana kwa kuwaza radi.

Beverly muuza samaki wa omena akaniita kwa jina la mtoto, akauliza polepole, "Min Nicanor, ni ya nani?"

"Ya Nicanor."

Akafunika mdomo. Nikapita.

Siku Javan alileta meza kwa mkokoteni, imefunikwa gunia, soko lote lilikuwa nyuma yake. Risper, shangazi wa Nicanor, aliyetoka Migori mbio, akajirusha juu ya gunia.

"Wuod owadwa, mtoto wa kaka yangu, umeniacha na nani?"

Nicanor akatoka na kikombe, akamwita shangazi kwa Kijaluo. "Waya, niko hapa. Shuka kwa meza yangu."

Risper akamwangalia, akazimia palepale juu ya meza.

Javan akatabasamu. "Mmeona? Shangazi mzima, na meza haijalia hata kidogo."

Mzee Job, shemeji yangu, hakucheka. "Kilicholiliwa kizikwe. Tukikiacha juu, kitamtafuta mwenye jina."

Nikaruka juu. "Leteni shoka. Nachoma hii kitu leo."

"Mama, ukiichoma nitagongea wapi?" Nicanor akamgeukia Job. "Baba mdogo, lazima izikwe yote?"

Job akafikiri. "Mtu huzikwa na miguu."

"Basi tuzike miguu."

Na hiyo miguu ilikuwa mirefu ajabu, meza inafika kifuani. Javan angejulia wapi? Majeneza hayana miguu.

Wakachimba mashimo manne ndani ya simba ya Nicanor, nyumba yake ya ujana, wakashindilia udongo, Job akaomba. Watu wakala, maana matanga huwezi kuyarudisha na njaa.

Nicanor akaweka mashine, akagonga. Meza kimya kama mlima. Punde majibu yakaanza kulia.

"Nani huyo?" Risper akauliza.

"Mtu wa Ufini, waya."

"Muulize kama mamake anajua yuko hai."

Wazazi, ukitumwa kwa fundi kama Javan, taja kitu kwanza, jina la mtoto baadaye. Nicanor sasa ana mvi, na Beverly akimwona bado anavuka barabara.