Mwiko Aliozikwa Nao Bibi

Nilipokuwa binti wa miaka kumi na mmoja pale Nyansurura, kuna jambo nililijua kuliko sala zangu: mwanamke hagusi mivukuto, ile mifuko ya ngozi ya kupulizia moto wa mhunzi. Bibi, mama yake baba na mjane wa mhunzi, alituambia kisu kilichopuliziwa moto na msichana huvunjika siku ya haja, na ndoa ambayo fahali wake atachunwa nacho haikai. Niliamini, tena sana.

Baba naye alikuwa mhunzi. Lakini dhahabu ilikuwa imefumuka Nyamongo, na kaka zangu wawili, ndio waliokuwa wakimpulizia moto, walikimbilia Kerende, huko huko Nyamongo, kuchimba bila hata kuaga. Zilibaki siku mbili kabla ya harusi ya dada yangu Robi, na kisu cha kuchunia fahali kilikuwa bado kipande cha springi ya lori. Nyumba ya mhunzi kuchuna kwa kisu cha dukani, si aibu hiyo?

Bibi alikuwa kisimani. Baba akatazama mlango, akanitazama mimi. "Kaa hapa, puliza."

Nilipuliza huku nalia. Sikulizwa na moshi jamani, nilimlilia dada. Chuma kikaiva, baba akakifua, akakizamisha majini. Sikumwambia mtu.

Siku ya harusi mjomba Mwita alikishika kisu kile mbele ya wakwe. Alichuna shingo, akashuka mbavuni, akafika kwenye goti, kisu kikagonga mfupa. Nikafumba macho. Nilipofumbua, fahali mzima alikuwa juu ya ngozi yake, na jiwe la kunolea halijaguswa hata mara moja. Mjomba akauliza nani alipuliza moto wa kisu hiki, maana vijana wote wako machimboni.

Baba akanishika bega. "Huyu."

Watu wakamgeukia Bibi. Alikichukua kisu, akapapasa makali kwa kidole gumba, taratibu.

"Mwiko huo nitazikwa nao mimi," akasema. "Mtoto mwacheni apulize."

Nilifurahi nusura nipae.

Leo Robi ana wajukuu. Mimi ni mwalimu mstaafu, na kila Jumamosi nafua visu nyuma ya nyumba, kwa raha zangu tu. Wanaoniuliza kama ule mwiko ulikuwa uongo siwajibu haraka. Bibi aliuamini maisha yake yote, na bado aliniachia mivukuto mbele ya wakwe. Tulipomzika, fahali wa matanga alichunwa kwa kisu nilichokipulizia moto, nikakifua na kukitia mpini mwenyewe. Jiwe halikuguswa.