Kiungo wa Baba Mkwe

Kwenye kundi la mashabiki wa timu yetu mtandaoni nilijiita Mzee Kiwembe, maana mwanamke akichambua mpira hasikilizwi. Wiki nzima nilibishana na mtu mmoja aliyemtetea kiungo wetu, mpaka nikamwita kipofu.

Jumapili, baada ya ibada, mimi na mume wangu tulikwenda Kifanya kwa baba mkwe, mzee ambaye hata macho simwinulii. Nilikuwa nimepiga magoti nikimmiminia chai alipomwambia mwanawe kwa uchungu, "Kuna mzee mwenzangu mtandaoni ananitukana. Eti kiungo wetu ni mzito."

Mimi, mkwe mwenye adabu, nikadakia, "Sikusema mzito, baba. Nilisema hajui kugeuka na mpira."

Mume wangu akainamisha kichwa. Baba mkwe akaweka kikombe chini taratibu.

"Haya, mama," akasema, "sasa nitukane nikikuona."