Mwenye Nyumba Aliye Ukutani

Shangazi yangu ana nyumba ya wageni yenye vyumba vichache, mtaa wa nyuma ya ofisi ya uhamiaji, na wageni wake karibu wote ni watu wanaosubiri viza. Watu hawa huwajui mpaka uishi nao. Wanauliza bei kabla hujawakaribisha, wanafulia soksi kwenye beseni la kunawia uso, wanatoka asubuhi wakipiga mluzi na kurudi mchana wamenuna. Mimi ndiye ninayefua mashuka, kwa hiyo nawajua kuliko wanavyopenda.

Wanamfuata Shangazi kwa sababu moja. Ofisi ile ina utaratibu wake: mgeni akitaka kuongezewa muda, lazima aje na mwenyeji wake. Mgeni anaingizwa chumba hiki, mwenyeji chumba kile, na wote wawili wanaulizwa maswali yale yale. Analala wapi? Mlango unafungukia upande gani? Nani wengine wanaishi humo? Majibu yasipofanana, mgeni anafungasha. Wenyeji wengi hubabaika wakimwona ofisa, wakasahau hata rangi ya ukuta wao. Shangazi hababaiki. Huwakalisha wageni mezani wakati wa chai na kuwafanyisha mazoezi mpaka waijue nyumba wakiwa wamefumba macho, na tangu nianze kukaa naye hakuna mgeni wake aliyewahi kukataliwa.

Halafu kuna Mzee. Mzee ni mume wa Shangazi, alifariki mimi nikiwa bado shule. Picha yake iko kwenye korido, mkabala na mlango wa chumba cha mbele, amevaa koti linalombana na anatabasamu upande mmoja, maana mpiga picha alimkataza kucheka. Kila asubuhi Shangazi alikuwa akichukua kitambaa, anafuta kioo cha picha, na huku anafuta anampa habari za nyumba.

"Mzee wangu, chumba cha mbele yumo binti mmoja anakohoa. Wale wawili wa chumba cha kati wamegombana, jana wamelala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule. Na bomba la jikoni linavuja tena, ulilifunga vibaya, nilikwambia."

Hakuwa kichaa. Alijua vizuri kwamba mumewe amekufa, maana yeye ndiye aliyemfumba macho. Alikuwa mke anayezungumza na mumewe, basi. Nilizoea kuamka kwa sauti ile, na nikiisikia nilijua nyumba imekaa sawa.

Ndipo akaja Shanta. Jina hilo nilimpa mimi, kwa ajili ya shanta lake refu lililomzidi kichwa, likiwa limening'inizwa viatu, kikombe na sufuria, hata akipita koridoni anatoa sauti ya jiko linalohama. Alikuwa kijana mwenye meno mazuri na njaa isiyoisha. Wiki ya kwanza akashikwa na homa kali, na Shangazi akaacha shughuli zake zote akakaa naye, akimkanda kwa kitambaa cha maji na kumnywesha uji kijiko kwa kijiko. Alipopona akaanza kumwita Mama. Shangazi akamfundisha lugha yetu neno moja baada ya jingine, kuanzia kijiko, mto, dirisha, mpaka akaweza kupiga soga na muuza nyama wa kona. Siku anaondoka alilia, na Shangazi akalia. Mimi sikulia, lakini nilimkunjia nguo zake, na hilo kwangu ni jambo kubwa.

Miezi ikapita. Siku moja tumekwenda kununua nyama, muuza nyama akafuta mikono, akatoa simu huku anachekea pembeni.

"Mama Mgeni, kumbe umekuwa staa na hutuambii!"

Alikuwa Shangazi, amepigwa video kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo. Amevaa khanga yake ya kulalia, nywele hazijachanwa, anafuta kioo na kuzungumza na Mzee. Muziki wa kuchekesha umewekwa juu yake. Halafu kamera ikageuka, tukaona meno yale mazuri, Shanta anazungusha kidole kwenye kichwa chake na kubana kicheko. Chini yake watu wasiohesabika walikuwa wameandika vicheko vyao. Shangazi alitazama mpaka mwisho. Akamrudishia muuza nyama simu yake, akasema, "Nipimie ile isiyo na mfupa."

Watu wa mtaani hawakumwacha. Akipita, mtu anamuuliza, "Mzee hajambo?" na wenzake wanaangua kicheko. Lakini hilo silo lililoniuma zaidi. Kesho yake asubuhi niliamka kwa ukimya. Nikafungua mlango, nikamwona Shangazi anafuta kioo cha picha, mdomo umefungwa, macho chini. Akamaliza akaenda zake jikoni. Na kesho kutwa hivyo hivyo, na wiki iliyofuata, na mwezi. Alikuwa ameporwa mume mara ya pili, na safari hii mwizi alikuwa na jina na sura. Nilikuwa nikifua mashuka na kuyakamua nikiwaza ni shingo ya Shanta.

Basi nieleze jinsi nilivyojisikia pale kengele ilipolia, nikafungua, nikakuta shanta lile mlangoni.

"Dada! Mama yupo?" Akanipita, kikombe kinagonga sufuria. "Mama! Mwanao nimerudi!"

Muda wake wa kukaa nchini ulikuwa unaisha Ijumaa, na mwenyeji wake wa upande mwingine wa mji alikuwa amembwaga. Hakuwa na wazo hata kidogo kwamba video yake imefika kwa muuza nyama. Alidhani sisi tunaishi duniani na yeye anaishi kwenye simu, na kwamba njia ya kutoka kule kuja huku haipo. Nilikwishaokota fagio. Shangazi akanishika mkono.

"Mpe chumba cha mbele," akasema.

"Shangazi! Huyu?"

"Mpe chumba cha mbele, mwanangu. Acha mlango wake utazamane na mwenye nyumba."

Siku zilizofuata zilikuwa tamu, sitaki kudanganya. Shangazi hakumwambia uongo hata mmoja. Ila alimwambia kila jambo baada ya kuulizwa, na Shanta hakuwa mtu wa kuuliza. Akaenda kupiga picha akiwa ameachia meno yote. Ofisi ikamrudisha, picha haitaki tabasamu. Akaenda tena, na kwa kutaka kupendeza akanyoa ndevu. Wakamrudisha, hafanani na pasipoti. Akapanga foleni asubuhi nzima kwenye dirisha la kuchukulia, akafika mbele akaambiwa hili ni la kuchukulia, kuna nini chako cha kuchukua? Cheti cha daktari kilimtaka apimwe akiwa hajala, naye alikwishakunywa chai yetu na kumaliza mkate wote. Mvua ikamkuta njiani, na yeye kaanika viatu vyake vya pili dirishani. Kila jioni alirudi kalowa au kakunja uso, akijitupa kitini.

"Mama, hawa watu wananitesa."

"Pole, baba," Shangazi anamwambia, na kumsogezea kikombe. "Utazoea."

Mimi nilikuwa nakimbilia stoo kucheka, nimejiziba mdomo kwa foronya. Lakini nilipomuuliza Shangazi kama ndio kisasi chenyewe, alinitazama kwa dharau.

"Hayo anajifanyia mwenyewe. Mimi bado sijaanza."

Alhamisi wakati wa chai, vyumba vingine vikiwa vitupu wiki ile, akamkalisha mezani kwa mazoezi. Pazia rangi gani? Ya bluu, Mama. Mlango wa bafu? Unafungukia ndani. Ngazi zinalia wapi? Karibu na juu. Kijana alikuwa ameiva.

"Nani wanaishi nyumba hii?"

"Mama, dada, na mimi."

"Fikiri vizuri. Hujamsahau mtu?"

"Sijasahau."

Shangazi akazungusha kijiko kwenye kikombe kwa muda. Nyuma ya kichwa cha Shanta, kupitia mlango, Mzee alikuwa anatutazama na tabasamu lake la upande mmoja.

"Nakuuliza mara ya mwisho, baba. Katika nyumba hii hakuna mtu mwingine unayemjua?"

"Jamani, Mama! Nani tena? Paka?" Akacheka, akachukua kipande kingine cha mkate.

"Haya," Shangazi akasema. "Kesho vaa shati safi."

Ijumaa tulikwenda watatu. Vyumba vile viwili vya maswali ni chumba kimoja kilichokatwa kwa mbao nyembamba, na mtu akikaa kwenye benchi la nje anasikia pande zote. Ofisa alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba shingoni, sauti yake haina haraka. Alianza na Shanta, akamaliza. Akahamia kwa Shangazi. Pazia, bluu. Bafu, ndani. Ngazi, karibu na juu. Nikaanza kuingiwa na wasiwasi kwamba Shangazi amelegea, amemhurumia, na viza itatoka.

"Mnaishi nani na nani?"

"Mimi, binti wa kaka yangu, mgeni wangu, na mume wangu."

Kalamu ya ofisa ikasimama. Kidogo wakaitwa wote chumba kimoja, mlango ukaachwa wazi, na mimi nikasogea hadi mwisho wa benchi.

"Kijana, umesema nyumba ina watu watatu. Mama anasema wanne. Mume wake umemficha wapi?"

"Mume?" Shanta akatumbua macho. "Lakini mume wake amekufa!"

"Nani amekwambia?" Shangazi akauliza kwa upole. "Mimi sijawahi kukwambia. Mwambie bibi ofisa ulivyomjua mume wangu."

"Ni picha! Ni picha tu ukutani, anaongea nayo!"

"Mimi kazi yangu ni majibu," ofisa akasema. "Hayafanani. Hapa imeandikwa wewe hata nyumba yenyewe huijui." Akaanza kufunga faili.

Shanta akatazama saa ya ukutani. Ijumaa ndiyo hiyo, na saa ya kufunga ofisi inakaribia. Nikaona anapapasa mfuko wa suruali, na hapo ndipo nilipomwelewa Shangazi yangu, nikashika benchi kwa mikono miwili.

"Ngoja! Nina ushahidi. Nina video. Utaona ni picha tu, na utaona mimi nilikuwepo."

Akaitoa mwenyewe. Akaitafuta mwenyewe, akaongeza sauti mwenyewe, akamsogezea ofisa simu mezani. Muziki ule wa kuchekesha ukajaa ofisi nzima. Watu wa foleni wakageuza shingo. Sauti ya Shangazi, ya zamani ile, ikasikika ikimwambia mumewe kwamba kijana wa homa amepona, jana amekula vizuri, usiwe na wasiwasi. Kisha kile kicheko.

Maneno yale sikuwahi kuyasikia, maana kwa muuza nyama palikuwa na kelele. Siku ile Shangazi alikuwa akimsimulia Mzee habari za Shanta.

Ofisa akavaa miwani. Akarudia video mwanzo, akaitazama tena yote. Kisha akateremsha kidole chini, akasoma, akafungua video nyingine, na nyingine.

"Hizi fulana unazouza humu, na hawa wanaokulipa utangaze mabegi yao, ni biashara za nani?"

"Ni... zangu. Ni mambo madogo."

"Fomu yako inasema umekuja kutembea. Viza ya matembezi haina kazi ndani yake." Akamrudishia simu kwa ncha za vidole. "Na huyu mama alikuruhusu umpige picha amevaa khanga ya kulalia?"

Shanta akamgeukia Shangazi. "Mama, mwambie. Mama, tafadhali."

"Mimi si mama yako," Shangazi akasema. "Ungekuwa na mama ungejua mama hachekwi akiwa na mume wake."

Hakuongezewa hata siku moja. Alipewa muda wa kufungasha na kutafuta tiketi, na muhuri ulipogonga mezani roho yangu ilisuuzika, nasema wazi, nilisikia utamu mpaka kwenye magoti.

Alipotoka chumbani na shanta lake, Shangazi alikuwa amesimama koridoni, amemzibia njia.

"Muage mwenye nyumba."

Shanta akatazama chini, akatazama mlango, akaona hakuna pa kupita. Akaigeukia picha, masikio mekundu.

"Kwaheri... Mzee."

"Hajasikia."

"Kwaheri, Mzee!"

Nilikuwa nimeshatoa simu yangu. Nilitaka uso ule, na muziki nilikwishauchagua kichwani. Shangazi akanipiga kofi mkononi, simu ikaruka hadi kwenye kapu la nguo chafu.

"Nyumba hii haipigwi video," akasema, na hakukuwa na tabasamu ndani yake. Akajibanza ukutani, kijana akapita, sufuria na kikombe vikigongana mpaka chini.

Kesho yake niliamka mapema mno, nikalala macho nikisikiliza. Nilisikia kitambaa kikichovywa majini na kukamuliwa. Nilisikia kioo kinasuguliwa. Kwa muda mrefu hakukuwa na kingine, nami nikaanza kuamini kwamba hata kisasi hakirudishi kitu.

Kisha sauti ikaja, kavu kidogo, ikikohoa kwanza.

"Mzee wangu. Nilikunyamazia, usinune. Nilikuwa na kazi." Kitambaa kikasugua. "Chumba cha mbele kiko wazi."