Shikamoo za Nyumba kwa Nyumba

Mwaka ule wa korona, vyuo vilipofungwa, nilirudi Newala na begi moja na kichwa kisichotulia. Nilijifungia chumbani. Usingizi haukuja, moyo ulikwenda mbio bila sababu, na hata kuoga kulinishinda. Wazee walipofika uani kumsalimia mama, sikutoka kuwaamkia. Kosa langu lilikuwa hilo tu.

Kwetu mwenye kauli juu ya mtoto ni mjomba. Wangu, kaka mkubwa wa mama, alikuja kutoka Chiwata, akanywa uji wetu, akaamua kwamba siumwi. Ni kiburi cha chuo, alisema, na dawa yake ni kunipitisha nyumba kwa nyumba nipige magoti na kutoa shikamoo kwa kila mzee niliyemdharau. Mama akataja hospitali ya Ndanda kwa sauti ya chini. Mjomba akamkata: ukoo wake haupeleki watoto kwa daktari wa vichaa. Mama akainama, akaendelea kupepeta mahindi. Nilimchukia mjomba siku ile, na sijapata sababu ya kuacha.

Kesho yake alitangulia yeye, mimi nikafuata, mama nyuma yangu. Redio zilikuwa zinawasihi watu wasisogeleane. Yeye alikuwa ananisogeza kwa vikongwe wa mtaa mzima. Nyumba za mwanzo nilijikaza. Kwa bibi mmoja jirani nilipiga magoti, sauti ikagoma. Mwili ukatetemeka, pumzi ikanibana, nikaanguka mchangani. Waliokuwa uani wakaziba pua kwa kanga na kutawanyika, wakidhani ni korona. Na mjomba, huyo bingwa wa kutibu viburi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika barabarani.

Akiwa huko huko akamwamuru mama anirudishe ndani kabla watu hawajaanza kusema. Mama alikuwa ameshanipakata.

"Kaka, nimekuheshimu vya kutosha," alisema. "Huyu naondoka naye."

Tulipanda gari hadi Masasi, tukaunganisha la Ndanda. Tabibu alinisikiliza bila kunifokea, akasema ugonjwa wangu una jina na una tiba. Nilitamani mjomba awepo asikie, kisha nikashukuru kwamba hayupo. Tabibu akauliza ulianza lini. Nilipofungua mdomo, mama akaniwahi.

"Tangu wiki aliyorudi," alisema. "Nilikuwa namsikia akilia. Nikaogopa kaka atasema nini."

Akanigeukia, akisubiri nimwambie kwamba hapana neno, yamekwisha. Sikumwambia.

Chuo kilipofunguliwa nilirudi na dawa zangu, nikamaliza masomo. Mama na kaka yake hawasemezani hadi leo kwa ajili yangu, na mimi bado sijamwambia mama kwamba hapana neno.